Babu alilipia mwaliko wetu dirishani pa posta

Shikamoo Shangazi,

Nimebakiza miezi minne niolewe, na badala ya kufurahi nalala nikihesabu stempu.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Orodha yetu ina watu 230. Niliulizia bei ya stempu ya barua ya kawaida, nikaizidisha mara 230, nikampa jibu mchumba wangu, ambaye ndiye anayeshika daftari la matumizi. Nikamhakikishia kwamba posta haitazidi hapo. Akaniamini.

Kadi yenyewe ni ya mraba, sentimita 15 kwa 15, karatasi nene ya gramu 350. Pamoja nayo kuna kadi ndogo ya maelekezo ya ukumbi, na kadi ya kujibia yenye bahasha yake na stempu yake. Vyote vimefungwa kwa utepe wa hariri wenye fundo. Bahasha ya nje ni rangi ya damu ya mzee, imezibwa kwa lakiri yenye herufi za majina yetu, na anwani niliziandika kwa mkono wangu kwa wino wa dhahabu. Mchapaji alitutolea 30 za kwanza tuzione. Tulizipenda mno, Shangazi. Nikabandika stempu za kawaida, nikatuma 14 kwa wazee ili wao watangulie.

Wiki ya pili, 2 zikarudi kwangu. Hilo ningelimeza. Lakini babu mdogo wa mchumba wangu alikuta kikaratasi sandukuni kinachomwita posta. Akaenda na fimbo yake, akaambiwa kuna barua ambayo haikulipiwa sawasawa, akalipa upungufu, ndipo akakabidhiwa. Alipompigia simu mama mkwe wangu hakulalamika. Alisema tu, "Kadi ya watoto nimeipata, nimeilipia." Tangu siku hiyo, kila nikimwona mama mkwe nasikia maneno hayo.

Nilikwenda mwenyewe na bahasha moja ipimwe. Gramu 36, unene milimita 7. Mhudumu akaniambia hiyo haihesabiwi tena kama barua ya kawaida, na bei yake ni zaidi ya mara mbili. Mchumba wangu aliposikia akasema tuachane na posta kabisa, tupige picha kadi tuwarushie watu wote kwa simu. Mama yake anasema mwaliko hushikwa mkononi. Mimi niko katikati.

Nikupe na hali ya orodha, labda itakusaidia. Katika hao 230, wanandoa ni jozi 58, familia zenye watoto ni 21 na jumla yao ni watu 74, na 40 wanaishi peke yao. Nyumba 16 ziko nchi za nje. Nyumba kama 30 ni majirani na wafanyakazi wenzetu ambao tunaonana nao kila wiki. Rafiki yangu ananishauri nibandike stempu za kwetu kwenye bahasha za kujibia za hao wa nje ili wasigharimike. Kadi zilizobaki bado hazijachapwa, ila bahasha za mraba nimeshanunua 150 nyingine.

Nihesabu vipi ili nisimdanganye tena mchumba wangu? Je, ni aibu kubadili kadi sasa, wakati wazee wameshaona ya kwanza? Na babu nimwambie nini?

Bibi Harusi Mtarajiwa

*

Marahaba mwanangu,

Pole. Hukumdanganya mtu. Ulihesabu kitu ambacho posta haikihesabu, na watu wengi huanza hapo hapo.

Posta haiulizi watu wangapi wamealikwa. Inauliza bahasha ngapi, zina uzito gani, zina umbo gani, zinakwenda wapi. Kwa hiyo tuanze na bahasha, maana takwimu ulizoniandikia zimebeba nusu ya jibu. Mume na mke hupata bahasha moja. Familia ya watu wanne hupata bahasha moja, na majina ya watoto huandikwa ndani. Chukua jozi 58, familia 21 na wale 40 wa peke yao: nyumba 119. Siyo 230. Umekuwa ukibeba mzigo wa karibu bahasha mbili kwa kila nyumba. Katika hizo 119, nyumba 12 zimeshapata za kwao (ulituma 14, zikarudi 2). Zimebaki 107. Toa zile 30 mnazoonana nazo kila wiki, maana sioni sababu ya kumlipa mtu ambebee jirani yako kadi wakati unaweza kumkabidhi mwenyewe. Toa 16 za nje, tutazirudia. Za kupita posta ya ndani ni 61.

Andika namba hiyo kwenye daftari kabla hujaendelea kusoma.

Sasa umbo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa yako ilipovujia. Barua nyingi siku hizi hazipangwi na mkono wa mtu. Hupita mashineni, kati ya mikanda na magurudumu yanayozibana na kuzipinda kwa kasi, huku kamera ikisoma anwani. Bahasha tambarare ya mstatili hupita kama maji. Fundo la utepe hufanya uvimbe katikati, lakiri ngumu haikubali kupinda, na vyote viwili huweza kukwama au kumeguka njiani. Mraba nao una shida yake: pande zote zikiwa sawa, mashine haiwezi kujua kwa urefu ipi ni juu na ipi ni ubavu. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za barua sanifu zilitaka urefu wa bahasha uwe angalau kama mara 1.4 ya upana wake. Kisichopita mashineni hupangwa kwa mkono, na mkono huo hulipiwa.

Na wino wa dhahabu juu ya damu ya mzee, mwanangu, ni mzuri mbele ya taa ya sebuleni. Mbele ya kamera unaweza usionekane kabisa. Sitaapa kwamba ndio uliorudisha zile 2, lakini kama bahasha bado unazo, ziangalie kwanza kwa jicho hilo.

Ngazi za bei hutofautiana nchi na nchi, na ukizijua utaona kwa nini ushauri wa marafiki hupingana. Marekani ngazi ya kwanza ya barua inaishia aunsi 1, yaani kama gramu 28, unene mwisho robo inchi, milimita 6 na kidogo, na mraba hutozwa ziada. Kadi yako huko ingeanguka mara tatu. Uingereza barua ya kawaida inaruhusiwa hadi gramu 100, lakini unene usizidi milimita 5. Huko ingepita kwa uzito ikakwama kwa unene. Nchi nyingi nyingine ngazi ya kwanza inaishia gramu 20. Kwa hiyo usiulize "stempu ni shilingi ngapi?" Nenda dirishani uombe jedwali la bei za barua, usome mambo matatu: uzito wa ngazi ya kwanza, vipimo vya mwisho vya urefu na upana, na unene wa mwisho. Kisha uliza kuhusu mraba na lakiri kwa maneno hayo hayo, maana ada za namna hiyo mara nyingi haziko kwenye bango la ukutani.

Ukishapata ngazi, itengeneze kadi iingie ndani yake. Karatasi ina hesabu rahisi sana ambayo wachapaji wanaijua na wateja hatuambiwi. Mchapaji akisema "gramu 300", huo ni uzito wa mita mraba moja ya karatasi hiyo. Karatasi ya A6, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8, ni sehemu 1 ya 64 ya mita mraba. Gawanya 300 kwa 64: gramu 4.7. Kwa hiyo kadi ya mwaliko ya A6 na kadi ya maelekezo ya A6, zote za karatasi ya 300, ni gramu 9.4. Bahasha ya C6 inayozipokea ni kama gramu 5, ikizidi ni kidogo kulingana na karatasi yake. Umefika 15 hivi. Kama ngazi ya kwanza ya kwenu inaishia 20, una nafasi, na bado mgeni atashika kadi nene nzuri mkononi, kama mama mkwe wako anavyotaka. Utepe ukiupenda, uwe mwembamba, uchapwe au ubandikwe bapa bila fundo. Rangi ile ya damu ya mzee ihamishie kwenye kadi yenyewe au kwenye karatasi ya ndani ya bahasha, halafu bahasha ya nje iwe nyeupe au ya rangi ya maziwa, na anwani iwe ya wino mweusi.

Usimwachie mchapaji achape zote kabla hujapima. Mwombe seti moja kamili ya mfano, kwa karatasi ile ile, siyo karatasi inayofanana nayo. Tia kila kitu ndani, funga, bandika stempu, ndipo upime. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha, ila nyingi huyumba kwenye vitu vyepesi, kwa hiyo ukipata bahasha kumi zinazolingana zipime pamoja ugawanye kwa kumi. Lenga gramu 18, usilenge 20. Karatasi hunywa unyevu, na bahasha iliyosoma 19.8 nyumbani kwako siku ya jua inaweza kusoma zaidi ya 20 wiki ya mvua, nawe unajua zaidi yangu upungufu wa gramu moja unavyofika mlangoni kwa mtu. Seti hiyo ya mfano ipeleke posta, kisha jitumie mwenyewe kwa njia ya kawaida. Ikifika bila kikaratasi, bila kona kukunjika, mpigie mchapaji simu aendelee.

Kadi za kujibia ndizo zinazonenepesha bajeti kimyakimya. Kila bahasha ndogo ya kujibia ina uzito wake ndani ya ile kubwa, na juu yake ina stempu ya pili. Nyumba 61 zingekula stempu 122. Sijui kama uliiweka hiyo kwenye hesabu ya kwanza, maana uliniandikia stempu moja kwa kila mtu. Andika kwenye kadi ya maelekezo namba moja ya simu ya kuthibitisha, na tarehe ya mwisho. Hapo ndipo wazo la mchumba wako lina nafasi yake halali: simu ipokee majibu, kadi ibebe mwaliko. Kuna wazee ambao hawatumi ujumbe na hawapendi kupiga. Wachague, tuseme 10, hao wape kadi ya kujibia yenye stempu. Ila zao zipime peke yake, kwa kuwa zitakuwa nzito kuliko nyingine na huenda zikahitaji stempu ya ngazi ya pili.

Rafiki yako amekusudia wema lakini ushauri wake usiufuate. Stempu hulipia posta ya nchi inakotumbukizwa barua. Mgeni wako akiwa Ufaransa, jibu lake linaanzia Ufaransa, na stempu ya kwenu pale ni picha tu. Kuna kitu kiitwacho kuponi ya jibu ya kimataifa, kilichoanzishwa na Umoja wa Posta Duniani katika mkutano wake wa Roma mwaka 1906, ambacho mpokeaji hukibadilisha posta ya kwao kwa stempu ya kujibia. Ni kitu kizuri, lakini si kila posta inakiuza, na bei yake haiendani na kazi ndogo ya kusema "tutakuja." Hao 16 wajibu kwa simu au barua pepe.

Kuwatumia wao ni rahisi kuliko unavyoogopa. Tangu mkataba wa Bern wa 1874, ulioanzisha umoja huo, unalipa mara moja tu unapotuma, na barua hupita mipaka yote bila mgeni kudaiwa, mradi umelipa sawasawa. Bei ya nje mara nyingi hugawanywa kwa kanda, kwa hiyo zipange nyumba 16 kwa nchi kabla hujaenda dirishani, na uulize bei ya kila kundi. Andika jina la nchi mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa. Ukikosea stempu huko, barua hupigwa muhuri wenye herufi T, na deni linamfuata mpokeaji au linakurudia wewe. Hizo 16 zitangulie kuliko zote. Kwa miezi minne uliyonayo, ningezitoa mkononi ndani ya wiki nne zijazo, na za ndani zifuate wiki chache baadaye.

Bahasha za mraba 150, usizilie. Una kadi za mraba 16 ambazo hazikutumwa na 2 zilizorudi, jumla 18. Mchapaji akuongezee 13, upate 31: 30 ni za majirani na wafanyakazi wenzenu, na moja ina kazi yake nitakayokueleza mwishoni. Kwao weka fundo, weka lakiri, weka wino wa dhahabu, weka kila kitu ulichokipenda, maana hakuna mashine kati yako na wao. Bahasha ambazo pakiti zake hazijafunguliwa muulize muuzaji kama atazipokea.

Wazee wataona kadi mbili tofauti, na hilo si aibu hata kidogo. Waliopata ya mraba wamepata ya mraba. Hakuna atakayeziweka mezani azilinganishe, na akizilinganisha ataona majina yale yale na tarehe ile ile.

Basi hesabu ya kumpelekea mchumba wako ni hii. Nyumba 61 za ndani, ongeza 6 za akiba kwa anwani zitakazokosewa na bahasha zitakazochafuka, zinakuwa 67. Ongeza stempu 10 za majibu ya wazee: 77. Juu yake weka nyumba 16 za nje kwa bei ya kanda zao, na tofauti ndogo ya zile nzito za wazee. Ule mpango wa awali, kwa bei halisi uliyoambiwa dirishani, ungekuwa bahasha 230 kila moja kwa zaidi ya stempu mbili. Mwonyeshe safu zote mbili. Stempu zenyewe usizinunue mpaka ile seti ya mfano imepimwa, na nyuma ya kila bahasha andika anwani yako ya kurudishia.

Sasa babu.

Nitakueleza kwa nini jambo lake limewachoma kiasi hicho, kwa sababu si pesa. Uingereza kabla ya 1840, mara nyingi anayepokea barua ndiye aliyeilipia mlangoni, na bei ilipangwa kwa umbali na idadi ya karatasi. Mwingereza mmoja, Rowland Hill, akashauri mtumaji alipe kwanza, bei ifuate uzito, peni moja kwa nusu aunsi, kama gramu 14 hivi. Mwaka huo wa 1840 ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika. Kazi yake tangu siku ya kwanza ilikuwa hiyo, mlango wa mwenzako usidaiwe. Mzee yule alikwenda na fimbo yake kulipia heshima aliyopaswa kupewa bure, na akanyamaza. Anajua alichofanya, nanyi mnajua.

Kwa hiyo msitume ujumbe. Mchumba wako apige, kwa sababu ni babu yake, na wewe uwe pembeni upewe simu umwamkie. Aseme waziwazi kwamba mlikosea kupima barua na mnaomba radhi, bila kuitaja posta, bila kumtaja mchapaji. Msimtumie pesa aliyolipa. Kwa mzee wa namna ile, kumrudishia kiasi hicho kidogo kunaweza kuuma kuliko kulipa kwenyewe. Kama anafikika, nendeni wote wawili mkamwone, mchukue ile kadi moja ya mraba iliyozidi, yenye lakiri nzima isiyomeguka, mkamkabidhi mikononi. Nadhani hata hajaiona lakiri ile ikiwa kamili.

Kisha wapigie wale wazee wengine 11 waliopokea, mmoja mmoja, uwaulize kama kadi ilifika salama na kama walidaiwa chochote. Huenda yupo mwingine aliyelipa na hakusema.